Jogoo wa Simeoni

Singida mjini,
20 Januari 1994

Mpendwa Shangazi Mboni,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mtoto ameota meno mawili na anamng'ata kila anayembeba. Rahma anakusalimu na anauliza kama mbegu za maboga ulizomwahidi bado zipo. Mashine yangu ya alizeti inaunguruma kutwa. Tangu serikali iruhusu watu binafsi, kila mwenye shilingi mbili amenunua mashine, basi tunagombea magunia ya wakulima barabarani kama watu tusiosalimiana.

Narudia kukupa pole kwa kufiwa na mume. Mzee Amri alikuwa kama baba yangu. Ile telegramu yako ilinifikia Jumatatu, mmeshazika. Posta ya siku hizi unaijua. Natumaini mchele na sukari nilivyompa Lazaro, dereva wangu wa lori, vilifika salama.

Sasa jambo lenyewe. Lazaro ameniambia kuwa Simeoni yuko hapo kwako, anaunganishwa mguu. Nilicheka kwanza, halafu nikakasirika mpaka nikashindwa kula.

Simeoni unamjua kwa sifa tu, ngoja nikueleze mimi niliyemfuga. Ni yule kijana mrefu wa Ulemo, mchezaji wa mpira wa kikapu. Shirika la umma alilokuwa akilichezea lilipovunjwa aliachwa na jezi na raba, hana hata pa kulala. Mimi nikaanzisha timu yangu, Alizeti, nikamchukua. Nikampa kazi ya stoo, nikampa chumba nyuma ya mashine, nikamfanya kapteni. Kwa miaka mitatu ameumia kifundo, ameumia kidole, ameumia goti. Kila msimu nusu yake anaichezea kitandani. Nilivumilia kwa sababu akiwa mzima, Shangazi, hakuna mtu Kanda ya Kati anayeweza kumzuia.

Tarehe 11 Desemba tulikuwa na fainali hapa Singida na timu ya Idrissa, yule tajiri wa mabasi wa Dodoma. Ijumaa jioni nikampa Simeoni orodha ya wachezaji awasomee wenzake. Jumamosi hayupo! Amemwachia mlinzi maneno kwamba goti linamsumbua. Tukafungwa kwa pointi moja. Pointi moja, Shangazi. Idrissa alicheza ngoma katikati ya uwanja wangu, mbele ya watu wangu. Baadaye nasikia Simeoni kavunjika mguu. Wengine wanasema alikuwa amelewa kwa hela za Idrissa. Sikutaka hata kuuliza.

Mkataba wake unakwisha tarehe 31 Machi na Idrissa anamtaka. Nimeamua hivi. Kama mguu unapona, namsainisha miaka miwili mingine, halafu hagusi mpira. Atabeba maji na taulo za wenzake, mbele ya watu walewale waliokuwa wakiimba jina lake. Kama mguu umekufa, namwandikia barua ya kumwachia na kutupa vitu vyake nje, Idrissa amwokote.

Wewe ndiye unayemwona. Mtazame jogoo wake, uniambie. Mambo ya jogoo huna haja ya kunifundisha, mimi mwenyewe nilikuwa na wangu mwekundu nilipovunja mkono nikiwa darasa la tatu.

Mwanao,
Luqmani


Kinyangiri, Iramba,
9 Februari 1994

Luqmani,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwa mwenyekiti wa kijiji siku tisa kwa sababu mimi niko edani, sitoki, na hakuna aliyeona haraka ya kuniletea. Mvua ni nzuri. Mtama umefika kiunoni na ndege wameshaanza kuutamani. Mbegu za maboga zipo, Rahma atume mtu.

Mchele ulifika, sukari nayo ilifika. Tulikuwa tumeshamaliza kulisha watu.

Ni kweli Simeoni yuko huku. Hospitali walimfunga plasta, ilipotolewa mfupa ukaonekana umeunga upande. Akaja kwa punda, akilia njia nzima bila kutoa sauti. Kazi ya kuunga mifupa aliyoifanya marehemu mume wangu miaka thelathini niliifanya bega kwa bega naye, kwa hiyo mikono ninayo. Wapo waliosema mjane wa edani hamshiki mwanamume mguu. Nikamtuma mtu kwa shehe, shehe akajibu mgonjwa ni mgonjwa. Basi analala kwa shemeji yangu, na ninapomfunga wifi yangu anakuwepo. Waliobaki na maneno wayale.

Mguu niliuvunja tena, nikaunyoosha. Jogoo mweupe mwenye madoa naye nikamvunja palepale, chini ya goti, nikamfunga vijiti vilevile na dawa ileile. Amelazwa kwenye tenga kando ya kitanda cha Simeoni. Siku jogoo atakapokanyaga mwenyewe, ndiyo siku mtu anafunguliwa vijiti. Nakukumbusha tu, maana mjini mnasahau.

Kwa leo jogoo amelala. Anakula, lakini hajakanyaga.

Umeniuliza kama atapona. Hukuniuliza alivunjikia wapi, wala alikuwa anafanya nini. Basi nami najibu nilichoulizwa.

Shangazi yako,
Mboni


Singida,
1 Machi 1994

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Huku swaumu ni kali, jua la mchana linatukausha midomo. Rahma amepata mbegu, asante sana. Mtoto sasa anasimama akishika ukuta.

Umeniandikia kwa ukali, nami nimekaa kimya maana ni mwezi mtukufu na wewe ni mkubwa wangu. Lakini muda unakwisha. Idrissa amemtuma mtu hapa Singida mara mbili, anakaa hotelini, anakunywa soda na wachezaji wangu na kuwauliza habari za Simeoni. Anadhani sijui.

Nitakwambia kitu ucheke. Nimeshanunua ndoo. Ya bati, kubwa, nimeipaka nyekundu na kuandika SIMEONI kwa rangi nyeupe, herufi za kusomeka toka ng'ambo ya uwanja. Iko ofisini kwangu. Kila asubuhi naitazama kabla sijafungua hesabu, moyo unatulia. Namwona kabisa anavyoinama kuchota, na vijana wadogo wanamwita, we kapteni, maji! Sijawahi kumchukia mtu hivi. Nilimlisha, Shangazi. Nilimpa chumba.

Nakuuliza jambo moja dogo. Huko kwako anazungumza? Kuna lolote analosema juu yangu, au juu ya ile Ijumaa? Usimwambie kuwa nimeuliza. Ni kutaka kujua tu.

Jogoo vipi?

Luqmani


Kinyangiri,
21 Machi 1994

Luqmani,

Marahaba. Idi tumeila salama, ingawa ni Idi ya kwanza tangu niolewe ambayo sikumpikia mtu pilau. Nilipika kidogo, nikagawa. Mbuzi yule mwenye pembe moja amezaa mapacha.

Uliuliza habari za jogoo wa Simeoni. Hatunaye tena tangu Ijumaa.

Uliuliza kama Simeoni anakusema. Hajakusema kwa baya hata siku moja, na mimi jambo hilo linanikera kuliko unavyoweza kufikiri. Nimemchokoza aseme, akaomba maji.

Kama umeamua kumwachia, mwandikie. Maneno ya mdomo yanaliwa na mchwa. Andika kwamba humtaki tena, kwamba yuko huru kwenda anakotaka, upige muhuri wa kampuni yako na mashahidi wawili waweke sahihi. Nakala nyingine ipelekwe kwa chama cha kikapu cha mkoa. Kijana wa watu asije akaning'inia kati yako na Idrissa, hana huku wala kule. Hilo nakuomba kama shangazi yako.

Mboni


Singida,
30 Machi 1994

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena! Samahani kwa kufurahi wakati umepoteza jogoo, lakini nilipofika mstari ule nilimwita Rahma jikoni nikamsomea mara mbili. Kumbe Mungu hamwachi mtu. Jogoo kafa, mguu umekufa!

Nimefanya kama ulivyosema. Nimeandika kwa taipureta, muhuri, mashahidi wawili, nakala kwa chama. Nilikwenda uwanjani wakati wa mazoezi, nikawakusanya wachezaji na wapita njia, nikaisoma kwa sauti. Niliandika: "Mchezaji huyu ni mzigo kwa timu na anaachiwa huru kwa sababu hana faida tena." Kuna waliotazama chini. Nikawaambia, mtazame juu, mjifunze.

Vitu vyake vilikuwa godoro, sanduku la bati, na ile picha yake akiwa na kombe. Nimeviweka nje ya geti. Mvua ilinyesha.

Sasa sikia kichekesho. Yule mtu wa Idrissa aliposikia, siku hiyohiyo alipanda basi kuja huko kumfuata, na mkataba mkononi! Anasema bosi wake yuko tayari kumngoja. Mngoje, Idrissa, mngoje mpaka uote mvi! Ndoo nimeihifadhi. Nitampelekea Idrissa siku atakapoelewa alichonunua.

Barua halisi ya Simeoni anayo Lazaro, atakukabidhi. Asante, Shangazi. Nilidhani labda una kinyongo nami kwa ajili ya msiba, sasa nimeona damu ni damu.

Wako wa siku zote,
Luqmani


Singida,
22 Agosti 1994

Shangazi Mboni,

Shikamoo. Wazima.

Juzi Jumamosi Idrissa alikuja na timu yake hapa. Basi likasimama, wakateremka mmoja mmoja, wa mwisho akainama mlangoni kwa urefu, nami nikajua kabla sijamwona uso.

Pointi thelathini na nne. Akishuka chini anachechemea kidogo, ndiyo, lakini akiruka hachechemei. Wachezaji wangu walimwangalia kama waliokuja kutazama mechi. Watu wangu, Shangazi, watu wa Singida ninaowaingiza bure uwanjani, waliimba jina lake mpaka sauti zikakauka. Mtu mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Tajiri, hebu tusomee tena ile barua!" Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, ningefanyaje?

Mpira ulipokwisha akaja moja kwa moja nilipokaa. Nilifikiri anakuja kunizomea. Akainama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Shikamoo, mzee. Nyumbani hawajambo?" Ni afadhali angenitemea mate.

Ulinidanganya. Mwanamke mtu mzima, mjane, unayeswali, umenidanganya mwana wa kaka yako. Jogoo akifa mguu haupo, hilo kila mtoto wa Iramba analijua! Nimekukosea nini? Nataka unijibu bila kuzungukazunguka.

Luqmani


Kinyangiri,
10 Septemba 1994

Luqmani,

Marahaba. Wazima. Tumevuna mtama magunia saba. Eda nilimaliza Aprili, sasa natembea ninapotaka, na barua yako nimeichukua mwenyewe kwa miguu yangu.

Sijakudanganya hata neno moja. Nilikwambia jogoo hatunaye tena, basi. Aliyesema amekufa ni wewe. Alikanyaga Alhamisi, akazunguka ua mzima akipiga mabawa, na Ijumaa tukamchinja, kama anavyochinjwa kila jogoo siku mgonjwa wake anapofunguliwa, Simeoni akala paja. Wewe wako mwekundu ulikataa kumla, ulilia ukagaragara, na marehemu Mzee Amri akakushika kidevu akakulisha kwa mkono wake, akisema mkono hautakuwa na nguvu usipomla. Uliniandikia hukuhitaji kufundishwa. Umekumbuka rangi ya jogoo, umemsahau mtu aliyekulisha. Nilijua utasahau. Nilikaa na kalamu mkononi nikijua kabisa.

Unauliza umenikosea nini.

Mume wangu alifariki alfajiri ya Ijumaa tarehe 10 Desemba. Mtu akapanda baiskeli mpaka posta ya Kiomboi, na telegramu ikaja kwako siku hiyohiyo. Ninayo hapa. Imeandikwa: AMRI AMEFARIKI TUNAKUNGOJA MAZIKO JUMAMOSI MBONI. Muhuri wa Singida ni wa Ijumaa saa tano.

Unajua nimeipataje? Geuza karatasi. Nyuma yake, kwa kalamu yako ya wino wa kijani, umeandika wachezaji watano wa fainali. Simeoni namba moja. Ulikosa karatasi nyingine, Luqmani? Ofisi nzima ya mashine, ukachukua kifo cha mume wangu ukapanga timu juu yake, halafu ukampa kapteni wako awasomee wenzake. Naye akaisoma upande wa mbele na upande wa nyuma.

Goti lake na kidole chake na kifundo, vyote viliunganishwa na Mzee Amri. Kila ulipodhani amekwenda Ulemo kulala, alikuwa huku kwetu. Akapanda lori la mahindi jioni ileile, karatasi mfukoni. Akamdanganya mlinzi kuwa ni goti, maana angesema ukweli watu wangeuliza kwa nini mfanyakazi kaenda mazikoni na mtoto wa nyumba kabaki.

Sisi hatukujua kuwa huji. Asubuhi ya Jumamosi wazee walitaka kuzika mapema, mimi nikakataa. Nikasema mwanangu Luqmani yuko njiani. Maiti ikangoja saa nne, ikangoja saa saba, ndugu zake wakaanza kuninung'unikia. Kila lori lililopita nilisimama. Saa kumi wakamshusha. Saa kumi wewe mpira wako ulikuwa unaanza.

Kaburi lilichimbwa na watu wanne, na Simeoni ndiye aliyeshika sururu muda mrefu kuliko wote. Udongo wa huku unaujua, ni mawe matupu. Jiwe la mwisho walilitoa kwa shida, likateleza pembeni, likamwangukia mguu. Alilala chini ya mgunga mguu ukiwa umepinda, akakataa kupelekwa hospitali mpaka Mzee azikwe kwanza. Mguu ule uliotaka kuubebesha maji ulivunjikia katika kazi yako. Ilikuwa kazi yako, Luqmani. Mwana wa kaka yangu ni mmoja tu.

Aliniapisha nisiseme. Alisema una familia, una jina mjini. Nami nikakaa kimya mpaka uliponiandikia kuwa telegramu ilifika Jumatatu. Hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa mgumu. Ungeniambia tu, Shangazi, nilipenda mpira kuliko mazishi, ningelia ningekusamehe. Na uliponieleza habari za ndoo, nikasema, haya, mtoto huyu nami nitamnyang'anya kitu anachokipenda. Sikuwa na kitu chako kingine karibu ila mguu ule.

Leo Simeoni ana mkataba mzuri na barua yako ya kumwachia ina muhuri. Kiapo changu nimekivunja na sijutii.

Tarehe 11 Desemba, Jumapili, ni hitima ya mwaka wa Mzee Amri. Watu wa Ulemo watakuja, wa Kiomboi watakuja, Simeoni atakuja, na Idrissa ameomba kuja. Telegramu nitakuwa nayo. Kama siku hiyo kuna mechi, nijulishe mapema tusikungoje.

Mboni


Singida,
19 Novemba 1994

Shangazi,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne. Rahma nimemweleza yote. Ameanza kulala na mtoto chumba kingine.

Sina la kujitetea. Niliisoma telegramu ile saa tano na nusu. Nikasema moyoni, mzee amekwisha kufa, fainali ni kesho, nitakwenda Jumapili. Jumapili nikaona haya. Jumatatu nikatafuta uongo. Simeoni nilimchukia kwa sababu nilijua ameiona, na kila nilipofikiri kuwa iko siku atasema, nilitaka awe mahali ninapomwona, chini.

Nitakuja hitima. Ng'ombe mmoja na mchele wote ni juu yangu, nakuomba unikubalie. Nakuomba na jambo moja, nakushika miguu. Karatasi ile isisomwe mbele ya Idrissa. Nirudishie, au ichome mwenyewe. Nifanyie lolote jingine.

Mwanao,
Luqmani


Kinyangiri,
2 Desemba 1994

Luqmani,

Marahaba. Ng'ombe tunaye, mchele tunao. Rahma mlete na mtoto.

Karatasi siirudishi na siichomi. Kama nitaisoma au sitaisoma, utajua siku ukiwa umekaa hapa.

Njoo Jumamosi, siku moja kabla, uvae nguo za kazi. Tunajengea kaburi. Jiwe lililomvunja Simeoni liko palepale lilipoangukia, hakuna aliyeligusa, nimewakataza. Utalitoa wewe peke yako mpaka nje ya uzio. Simeoni atakuwa amekaa kwenye kiti akikuangalia, na akitaka kuinuka kukusaidia nitamkalisha.

Maji ya kuchanganyia saruji yako kisimani, ni mbali kidogo. Lete ile ndoo yako nyekundu.

Mboni